Sauti Nyuma ya Ukuta wa Mianzi

Kabla sijawa kiziwi nilikuwa mtu wa kununa. Nilipokuwa kiziwi nikawa mtu wa kununa na kupiga kelele, maana asiyesikia hajui sauti yake imefika wapi. Jirani yangu Meshaki, ambaye tumechunga naye ng'ombe tangu utotoni, alikuwa anakuja, anakaa kwenye kigoda, anachezesha midomo, ananitazama kwa huruma, halafu anaondoka. Nilimchukia kwa hiyo midomo yake. Alipoacha kuja kila siku nikamchukia zaidi.

Mimi ni Ambindwile, wa hapa Lupepo. Ujana wangu wote niliumalizia kwenye kiwanda cha chai, kwenye mashine za kusaga majani, mpaka kiwanda kilipouzwa na mwenye mali mpya akaona sisi wenye mvi tumechakaa, akatuachisha kazi. Zile mashine zina kelele ya kumtoa mtu akili. Hakuna aliyetupa kitu cha kuziba masikio, basi tulijitengenezea wenyewe. Majani yanapochekechwa hutoa manyoya, vumbi laini la kahawia linalopeperuka na kutua kila mahali. Tuliyakusanya, tukayaviringa kwa mate, tukayasokomeza sikioni. Zamu ikiisha unachokoa kwa njiti ya kiberiti. Yanayotoka yanatoka, yanayobaki Mungu anajua. Kiwanda kizima tulifanya hivyo na tulijiona wajanja sana.

Mke wangu alikuwa ameshafariki. Mwanangu wa pekee, Jackson, biashara zilipofunguliwa kwa kila mtu, alikwenda Tunduma kuuza mitumba. Alisema atarudi kumchukua mkewe akishapata chumba. Chumba hicho sijui kinajengwa kwa mawe ya wapi, maana mkewe, Atupakisye, alibaki kwangu mwaka hadi mwaka, bila mume na bila mtoto, akipika kwenye jiko lake la mianzi lililoegemea ukuta wa chumba changu.

Sasa, kwetu Wanyakyusa mke wa mwana na baba mkwe hawaonani. Si chuki, ni heshima. Akinisikia nakuja anaingia kwenye migomba. Nikimsikia anakohoa nageuza uso. Hatutajani majina, hatupeani mkono, na akilazimika kunitaja ananitaja kwa wingi, kana kwamba mimi ni watu kumi. Vijana wa pale Tukuyu mjini wameshaacha mambo haya, wanakaa meza moja na wakwe zao na kupasua soda. Mimi nisingegombana na mtu kwa hilo. Lakini Atupakisye alilelewa Kisondela na bibi yake, na huyo bibi alimfundisha akafundishika. Miaka yote hiyo sikuwahi kuuona uso wake. Nimeona kisigino, nimeona khanga ikipotea nyuma ya mgomba, basi.

Nilimjua kwa sauti. Alikuwa akitaka kuniambia jambo anawaambia kuku. "Nyie kuku, chakula kiko mlangoni, kisije kikapoa." "Nyie kuku, kesho nakwenda kuchuma chai, kuna ndizi kwenye chungu." Ilikuwa sauti nzuri, nzito kidogo, yenye kicheko kwa chini. Masikio yalipoziba, kwanza la kulia halafu la kushoto, nilipoteza mengi: nyimbo za kanisani, redio, mvua juu ya bati. Lakini ile sauti ndiyo iliyoniuma. Ilikuwa ndiyo mtu pekee niliyekuwa naye nyumbani, na ilipokwisha, mtu mwenyewe alikwisha. Chakula kilitokea mlangoni kama kimeletwa na upepo. Nilikuwa mpweke, na sioni sababu ya kutafuta neno jingine.

Kilichonipeleka hospitali ni aibu. Asubuhi moja ya ukungu nilikuwa nakwenda kisimani, naye alikuwa anarudi na ndoo kichwani. Bila shaka alikohoa. Bila shaka alikohoa mpaka kifua kikamuuma. Mimi nilikuja tu kama ng'ombe, nikakata kona, tukakutana ana kwa ana. Alitupa ndoo, akajitupa na yeye kwenye miche ya kahawa, akajifunika khanga kichwa kizima. Nilisimama pale maji yakinilowesha miguu, sijui niombe radhi au nikimbie. Siku ya pili Meshaki alikuja, akanishika mkono, akanionyesha kidole upande wa Tukuyu, kisha akalivuta sikio langu kama la mwanafunzi mtoro. Nilielewa nani aliyemtuma.

Tulikwenda siku ambayo daktari wa masikio, pua na koo anapanda kutoka Mbeya. Meshaki mbele, mimi katikati, na nyuma kabisa, mbali kama mtu asiyetujua, Atupakisye. Kwenye benchi palikuwa na mama mwenye rovu shingoni, mzee anayevuja damu puani ameshikilia leso, na mtoto aliyejitia harage puani likaanza kuvimba. Wote walikuwa wanaongea. Mimi nilikuwa natazama midomo.

Daktari aliitwa Mhina, mtu wa Tanga, mwembamba, amejifunga kioo cha duara kwenye paji la uso. Nesi wake, Agness, alikuwa mtoto wa hapahapa. Huyo Agness alikuwa na akili: alichukua kile chombo cha kusikilizia moyo, akanitia ncha zake masikioni, akaongea kwenye ule upande wa kifuani. Sauti ikanifikia kwa mbali, kama mtu aliye ndani ya mtungi. Ndivyo nilivyozungumza na hospitali.

Daktari aligonga gotini kwake chuma chenye meno mawili kama uma. Akakisimamisha kwenye mfupa nyuma ya sikio langu la kushoto, nikasikia! Kinanguruma kama nyuki. Akakihamisha mbele ya tundu la sikio, kimya. Akarudia. Akatabasamu, nami nikataka kumpiga, maana sikuona cha kuchekesha.

"Anasema mishipa ya kusikia bado ni hai, babu," Agness aliniambia ndani ya mtungi wake. "Sauti ikipita mfupani inafika. Ikipita mlangoni haifiki. Kuna kitu kimeziba mlango."

Halafu daktari alitaka historia. Lini yalianza? Yanatoa usaha? Kizunguzungu kipo? Nilimwambia mimi ni mzima kabisa isipokuwa sisikii. Hakuridhika, akauliza nimekuja na nani wa nyumbani. Meshaki akaonyesha dirishani. Atupakisye alikuwa amesimama nje, kaegemea ukuta, mgongo ameutupa kwetu. Agness alinisimulia baadaye walivyobishana. Daktari alisema huyo dada aingie, hii ni hospitali, si harusi. Agness akamwambia, daktari, hata ukiita polisi hataingia, huyu ni mkwe wake. Basi Agness akawa anatoka na maswali na kurudi na majibu.

Na majibu yalikuwa mengi. Kwamba sikio la kulia lilianza wakati wa mavuno ya maharage mwaka juzi. Kwamba foronya yangu inanuka upande huo na ina madoa, yeye ndiye anayeifua. Kwamba nikiinuka haraka nayumba na kushika mhimili. Kwamba nachokoa masikio kwa njiti kila jioni, na nikisha najifanya sijachokoa. Nilikaa kwenye kile kiti nikiona haya. Mtu ambaye hajawahi kunitazama usoni alikuwa ameniona kuliko wote waliowahi kunitazama.

Daktari akaingiza kifaa chenye taa, akachungulia kushoto, akachungulia kulia. Kulia ngoma ilikuwa imetoboka na kuna usaha, akausafisha kwa pamba na kusema sikio hilo lisiguswe na maji. Kushoto kulikuwa na kitu cheusi kigumu kimekaa kama kizibo cha chupa. Akaniandikia dawa ya vidonge, na matone ya kulainisha kile kizibo, kisha nirudi wiki inayofuata. Akauliza nani atanitilia matone. Agness akacheka. Nilijitilia mwenyewe, nimelala ubavu, nusu ya dawa ikiingia sikioni na nusu shingoni.

Mara ya pili nilikwenda peke yangu. Atupakisye alikuwa ameitwa na kaka zake Kisondela. Daktari alijaza maji ya uvuguvugu kwenye bomba kubwa, akayapiga ndani ya sikio la kushoto taratibu, kisha akaingiza koleo jembamba na kuvuta. Niliona nyota. Kilichotoka kilianguka kwenye sahani ya bati, na mimi nikaruka kwenye kiti, kwa sababu nilisikia kikianguka.

Daktari alikigeuzageuza, akakinusa. "Mzee, hii si chai?"

"Ni chai," nilisema. "Gredi ya chini."

Alicheka mpaka kioo kikamshuka puani. Nilisikia kicheko chote. Nilisikia Agness akiburuta kandambili, nilisikia mtoto analia nje, nilisikia sauti yangu mwenyewe na nikashtuka jinsi ilivyo kubwa. Nilirudi nyumbani natembea kama bwana harusi. Nilipanga nimshtue Atupakisye. Akiwasha moto tu, nikohoe mara moja kisha nimwambie kuku mmoja, kwa sauti ya chini, kwamba nimepona.

Jioni nilikaa kitandani, nikamsikia amerudi kutoka Kisondela, anaingia jikoni, anapuliza moto. Nilivuta pumzi nikohoe. Ndipo akaanza kusema.

"Mmerudi, taata? Sijui daktari amewaambia nini. Afadhali hamsikii, mimi leo nina maneno mabaya."

Hakuwa anaongea na kuku. Alikuwa anaongea na mimi, akiniita taata, yaani baba, moja kwa moja, kupitia mianzi, kama mtu aliyezoea. Nikaelewa kwamba tangu niwe kiziwi alikuwa akifanya hivi kila jioni. Siku zote nilizodhani nyumba imekufa, mtu alikuwa akinisimulia habari zake. Kikohozi kikakaa kooni.

Alisema Jackson ana mke Tunduma na watoto wawili. Wote Kisondela wanajua, na yeye amejua tangu zamani. Kaka zake wanataka arudi, kuna mwanamume mwema, mjane, fundi seremala, ameuliza habari zake. "Nimewaambia siwezi," alisema, huku akikoroga chungu. "Nikiondoka, taata watakula nini? Hawasikii hata mwizi. Wangekuwa wanasikia ningewaaga, nikaenda. Lakini kumwacha kiziwi peke yake, dhambi hiyo siiwezi."

Ungefanyaje wewe? Mimi nilinyamaza. Nilijiambia nanyamaza nisimwaibishe. Uongo mtupu. Nilinyamaza kwa sababu uziwi wangu ndio uliokuwa umemfunga pale, na nilitaka abaki. Kesho yake nilinyamaza tena, na kesho kutwa. Nilipokea kila chakula bila kusema kitu, nikakaa karibu na ukuta kusikiliza. Alinieleza alivyokuwa mdogo, alivyomwogopa bibi yake, jina alilokuwa ameliweka akiba kwa mtoto wa kwanza. Wakati mwingine alicheka. Zilikuwa jioni nzuri kuliko zote nilizowahi kuwa nazo tangu mke wangu afariki, na kila moja niliiiba kwake.

Jumapili moja, baada ya ibada, alikoroga chungu muda mrefu jikoni. Halafu akasema, "Taata, yule seremala anasema hawezi kungoja mwaka mwingine. Niseme nini?" Akangoja. Moto ulikuwa unapasuka. Alikuwa anangoja kweli, kama mtu aliyeuliza swali na anatarajia jibu.

Nilisema, "Atupakisye."

Nilikuwa sijawahi kulitamka jina lake. Mwiko ulivunjika palepale, na mbingu haikuanguka.

"Nenda kwenu," nilisema. "Jackson hatarudi. Mimi nimepona. Nasikia."

Nilitegemea akimbie. Nilitegemea kilio, au chungu kupasuka. Badala yake nilimsikia anapunguza kuni.

"Najua mnasikia," alisema. "Tangu siku mliyorudi hospitali. Mliacha kupiga kelele mkiombea chakula."

Niliusogelea ukuta. Kisha nikauliza, "Mbona hukunyamaza, basi?"

"Ningemwambia nani mwingine, taata?"

Kwa hiyo zile jioni zote hakuwa anaongea na kiziwi. Alikuwa ananiomba ruhusa, kwa njia pekee ambayo bibi yake hakuwa ameifunga, na mimi nilikaa upande wa pili nimebana pumzi, nikila ugali wake.

Aliondoka siku mbili baadaye, asubuhi, mvua ikinyesha. Aliifua foronya yangu kwanza. Alipopita mlangoni alisema, "Mbaki salama, taata, dawa msiache," nami nikasema, "Ndaga fijo, mwanangu," ambayo kwetu ni asante sana. Nilimsikia mpaka kwenye barabara ya wachuma chai, kisha mvua ikamfunika.

Jioni Meshaki alileta chakula kutoka kwa mkewe. Alikaa kwenye kigoda, akanijaribu kwa kunong'ona nyuma ya kiganja, nami nikamrudishia kila neno. Alifurahi kuliko mimi. Alisema sasa mambo yamekwisha, sasa sitakuwa mpweke tena. Nilikula mboga ya mkewe, ambayo ilikuwa na chumvi nyingi mno.