Friza ya Mama Lorna

...kwa hiyo na yeye Tressa anapimwa, na Junie aliyelala kwenye kiti cha nyuma anapimwa, hata chupa yake ya maziwa, maana mzee Halvorson wa mizani ya kupimia malori ya ngano amechungulia dirishani akasema usishuke, binti, nawe ni mzigo, akacheka, na sasa anazunguka pikapu taratibu akitazama matairi, wala hakuuliza ngano iko wapi, anampimia tu... na kile kibandiko cha mlangoni, miaka yote ameufunga mlango kwa kiuno bila kukisoma, kinasema watu na mizigo wasizidi ratili elfu moja na mia tano, wao walijua moja tu, gari linavuta elfu tisa, Garrett mumewe alijisifu kwa kila mtu, na trela haifiki hata nusu yake, sasa kosa liko wapi... "Kuvuta linavuta," mzee anasema, ameinama, "mgongo ndio halina. Shingo ya trela imelilalia, halafu umelitwika na hilo," na hilo ni friza, imesimama nyuma ya pikapu, imejaa nyama ya kulungu, Mama Lorna alimwinda mwenyewe, mama mkwe huyo, ndiyo maana tangu asubuhi pua ya gari imeinuka na usukani ni mwepesi kama wa kuchezea, na mbele kuna mlima, na mteremko wake, na Junie... "Iache kwangu, umeme upo, na sitaidokoa." "Mama mkwe atanuna, mzee." "Mwambie nimekulazimisha." Mtu waliyekutana naye sasa hivi, anajitwisha lawama yake... Mama Lorna jikoni, akifunga vipande kwa karatasi nyeupe, akiandika hiki cha supu, hiki cha kuchoma, akafunga tena na tena, Tressa akaona anadharauliwa, kwamba hajui kumlisha mtoto, kumbe mama yule hakuuliza hata mara moja nije lini kuwaona, alifunga nyama tu, macho chini... na nani alimwambia njoo? Garrett hakumwambia, yeye pia hakumwambia, walipakia tu vyombo wakahama... mzee amefika tairi la mwisho, Junie bado amelala, gari bado limechuchumaa juu ya mizani, simu iko pajani, na Tressa anayapanga maneno, Mama, friza nimeiacha huku njiani kwa mzee mmoja mwema, usiifuate kuirudisha nyumbani, ipakie utuletee mwenyewe, Junie atakusubiri, chumba kipo.