Donge Lililosubirishwa

Katika kiwanda kile cha mikate alijulikana kama Mama Hamira, kwa kuwa halikupata kutokea donge lililokataa kuumuka chini ya mikono yake. Lakini lilikuwako neno jingine alilolipenda kuliko jina hilo. Meneja alimwambia kila alipopita kwenye meza ya kukandia: "Mama, wewe una potensho kubwa sana!"

Neno hilo alilibeba hadi nyumbani kwa uangalifu, kama mtu abebaye yai. Alimwambia binti yake aliyekuwa akijifunza ushonaji. Aliwaambia na majirani. Fundi wa tanuri alikuwa amezeeka, macho yamefifia kwa joto, na nafasi yake ingehitaji mtu. Mama Hamira hakutamani kitu kingine kazini ila nafasi hiyo. Miaka nenda miaka rudi alikuwa amekanda mikate ya watu, na hakupata kuuona hata mmoja ukiiva.

Meneja aliposema kwamba tanuri jipya lina vipimo vya kusomwa, Mama Hamira alijiandikisha katika darasa la watu wazima. Jioni moja akanyoosha mkono.

"Mwalimu, potensho ni nini hasa?"

Mwalimu, msichana wa rika la binti yake, aliweka chaki chini. "Ni uwezo uliomo ndani, mama, ambao bado haujatokeza. Twaweza kulisema neno hilo kwa shamba zuri lisilolimwa. Kwa mtoto anayeanza kuimba. Kwa mchezaji aliye benchi."

"Na yule aliye uwanjani?"

"Huyo tunasema anacheza."

Darasa likaangua kicheko. Mama Hamira hakucheka. "Na mtu mzima je? Akiambiwa hivyo tangu ujana mpaka mvi?"

Mwalimu aliiokota chaki. "Lugha inaruhusu, mama. Neno lenyewe halina kikomo."

"Basi hiyo ni pole iliyovaa tai!" akadakia mwanamke wa nyuma, na kicheko kikaanza upya.

Siku fundi mzee alipoaga kazi, meneja alituma ujumbe: Mama Hamira asubiri nje ya ofisi, ataitwa. Alinawa, akafunga kitambaa safi kichwani, akaketi kwenye benchi la ukumbini. Kwenye meza ya kukandia, ndani ya beseni kubwa, aliliacha donge la asubuhi likiumuka.

Kiwandani hapo donge lina mwenyewe. Aliyelikanda ndiye anayelikata vipande vya mikate. Mkono wa pili hauingii, ili lolote likiharibika ijulikane ni la nani.

Joto lilipanda. Mlango wa ofisi ulibaki umefungwa, na nyuma yake zilisikika sauti za wanaume wakicheka. Akaja mfungashaji, shoga yake, mwanamke mwenye mdomo mwepesi.

"Shoga, donge lako linamwagika ukingoni kama tumbo la meneja. Nenda ukalikate!"

"Akiniita nisiwepo je?"

"Si atakuita tena?"

"Miaka yote hii hajaniita hata mara moja, wewe wasema tena?"

"Basi niruhusu mimi nilikate."

"Na ikijulikana mikono miwili imeingia? Leo? Wacha, dada. Hakawii."

Alikawia. Mlango ulipofunguka, alitoka meneja na mwanamume mgeni ambaye mikononi tayari alikuwa amevaa glavu za tanuri, zile za fundi mzee. Mama Hamira akasimama. Hakuna aliyemwita. Wakampita wakielekea kwenye moto, naye akawafuata nyuma, asijue la kufanya na mikono yake.

Kwenye beseni meneja alisimama. Donge lilikuwa limeshuka, limekunjamana na kutoa harufu kali ya uchachu.

"Mama, ni nini hiki?"

"Uliniambia nisubiri, bosi."

"Kusubiri ndiyo kusahau kazi? Sasa unaona mwenyewe. Ningekupa tanuri, ingekuwaje?" Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu mkatili, akalainisha sauti. "Usivunjike moyo. Bado una potensho."

Mgeni aliinamisha kichwa kwa heshima, kama aliyetambulishwa.

Donge lililoshuka halichomwi. Humegwa vipande, likachanganywa na unga mpya ili kuutia ladha. Mama Hamira alifanya hivyo, akikanda kwa nguvu zake zote, na mikate ya mchana huo ikaumuka vizuri sana. Harufu yake alipoisikia kutoka upande wa pili wa ukuta, hakuinua uso.

Jioni hakwenda darasani. Alimkuta binti yake mlangoni, uso umemchanua.

"Mama! Leo msimamizi wetu kapita kwenye cherehani yangu. Kaniambia nini, kisia!"

"Niambie, mwanangu."

"Nina potensho! Neno lako lilelile. Kumbe limo kwenye damu!"

Mama Hamira alifungua kitambaa kichwani. Alikuwa na maana yote ya neno lile, kama alivyofundishwa, na matumizi yake yote, na hakupata hata moja la kumpa mtoto.

"Alikwambia usubiri?" akauliza.

"Ndiyo. Kidogo tu."

"Kidogo," akarudia mama. Akaangalia unga uliokauka katika kucha zake. "Hebu niletee maji ninawe."