Ikiumia, Nani Anaisaidia

...na yote haya inayafanya peke yake, Mutanu alikuwa akiwaambia kidato cha kwanza, ameba haina mdomo, haina mapafu, ni seli moja tu, hiyo hiyo inakula, inapumua, inatoa taka, lakini mwili wako una seli za kila aina, ya msuli kazi yake kuvuta, ya damu kubeba hewa, hakuna inayofanya yote... miguu inamuuma, amesimama tangu alfajiri, kumgeuza baba, kumwosha, kumlisha uji, kuanika shuka kabla ya kengele ya shule, na saa ya chakula atakimbia tena hadi nyumbani, Ikutha sokoni, amgeuze upande wa pili, mwaka wa pili sasa tangu kiharusi kimwangushe baba, Mzee Nzomo, na Mbula, mdogo wake Mutanu, kila Jumapili hupiga simu kutoka Mtito Andei, dada, nije tusaidiane, hoteli nitamwachia mtu, naye humjibu kwamba baba amemzoea yeye, hakuna shida... "Madam," Kivuva amesimama kwenye dawati la nyuma, "hiyo ya seli moja, ikiumia, nani anaisaidia?" ...hakuna, neno liko mdomoni, hakuna, lakini leo asubuhi baba alihangaika na ulimi wake mzito, mbu... mbu... akimkazia macho, na yeye akamfuta mate akasema mvua bado, baba, hata mawingu hayajaonekana, kana kwamba mzee anaulizia mbua, mvua kwa Kikamba, ilhali alijua, kijiko mkononi alijua vizuri kwamba anamwita Mbula, na mzee akafumba macho akakataa uji... muda huu wote wa kumbeba, halafu jina analolitafuta ni la mwingine, huo ndio uchungu wenyewe, usiku hulala nao akauita uchovu... ila kijiko kilikuwa kikitetemeka, uji ukamdondokea baba shingoni, naye hakuutazama uji, alitazama mkono, mkono huu, ndipo akaanza kuita... hakuwa akimkimbia, Mungu wangu, alikuwa akimwitia mtu wa kumpokea mzigo... Kivuva bado amesimama, na saa ya chakula Mutanu, kabla hata ya kumgeuza baba, atampigia Mbula amwambie njoo, kisha ataketi ukingoni mwa kitanda amwambie baba kwamba asubuhi alimsikia.