Maji Yaliyokataa Kulowesha

Jumapili ile Mzee Kapambwe alipozamishwa birikani, Bana Chola, yaani mama yake Chola, alikuwa amesimama ukingoni kama kawaida yake, chitenge kiunoni na taulo jeupe begani. Kazi ya kuwapokea waliobatizwa ilikuwa yake tangu kanisa lilipokuwa banda la mabati, kabla ya zulia jekundu na vipaza sauti. Katika kanisa lile la Chimwemwe, pale Kitwe, mzee hakalii kiti cha mwenyekiti mpaka abatizwe upya, ili aanze cheo akiwa safi. Mchungaji Sikasote akamshika Kapambwe kisogo, akataja Utatu, akamlaza majini. Maji yakamfunika uso. Akainuka mkavu.

Mkavu kabisa. Joho bado lina mikunjo ya pasi, poda bado iko shingoni. Mchungaji akamtazama, akamzamisha tena, safari hii akamshikilia kidogo. Kapambwe akatoka vilevile, akauliza kama wamemaliza, maana kuna mbuzi anamngoja nyumbani.

"Tumemaliza, mzee wetu," akasema mchungaji. Kwaya ikaanza, vigelegele vikapigwa. Bana Chola akalikunja taulo, akalitia mkobani.

Jumapili iliyofuata wakazamishwa vijana wa kwaya na bibi harusi mmoja, wote wakatoka wakavu, na waumini wakaona ni jambo jema. Akina mama waliokuwa wakiahirisha kwa ajili ya nywele zao za bandia wakajitokeza. Mfanyabiashara mmoja alizama na simu sikioni, na alipoibuka alikuwa bado anaongea: "Niko kanisani, bwana, shusha hiyo saruji hapohapo mlangoni." Hata watu wa makanisa mengine wakahamia. Usiniulize kwa nini hakuna aliyeshangaa. Mtu hushangaa kwa jambo linalomsumbua, na hili liliwafaa wote.

Sasa huyu Kapambwe. Mdogo wake, Chishala, alikuwa mchimbaji mgodini, akafa kwa mapafu. Kesho yake baada ya maziko, Kapambwe alifika na gari na ndugu zake, wakabeba jiko, vitanda, mpaka mapazia wakayavua madirishani mjane akiwa amekaa chini anatazama. Kisha akabadilisha kufuli, akaingiza wapangaji. Sheria inakataza, Biblia inakataza zaidi, na kila aliyeketi kwenye kanisa lile alilijua jambo lenyewe. Lakini zulia jekundu lilinunuliwa na Kapambwe, na mkono mtupu haulambwi. Ptuu! Watu wazima, na meno yao kinywani, wakamwita baba wa kiroho.

Mjane mwenyewe, Bana Lukonde, alikuwa akikaanga vitumbua sokoni na kulala na watoto katika chumba cha kuazima. Jioni moja alimkuta Bana Chola anasonga nshima.

"Dada, wewe ulikuwepo hospitali. Ulimsikia marehemu."

"Nilimsikia kwa masikio yangu haya. Alisema nyumba ni ya mke wangu na watoto, kaka asiiguse."

"Basi Jumamosi baraza la kanisa linakaa. Mchungaji amesema akipatikana shahidi hata mmoja, watamwamuru anirudishie. Na mwenye chumba anakitaka mwezi ukiisha. Sina pengine pa kwenda, dada."

"Nitasema. Kwani mimi namwogopa nani? Kaa, ule."

Wakala pamoja, wakacheka kidogo kama zamani. Bana Chola alilala usingizi mzuri usiku ule.

Siku mbili baadaye akaja Kapambwe mwenyewe. Alikula dagaa wa kapenta, akawasifu, akaomba aongezewe. Akamuulizia Chola, kijana aliyemaliza chuo na tangu hapo kazi yake ni kuegemea ukuta. "Mgodini wanatafuta kijana mcha Mungu," akasema huku anajichokoa meno. "Nikifikiri hivi, namwona huyu wako." Nyumba hakuitaja hata kidogo. Watu wa namna yake hawataji kitu, wanakuachia ujitajie mwenyewe.

Jumamosi Bana Chola alisimama mbele ya baraza, akarekebisha kilemba.

"Siku ile wodini kulikuwa na kelele," akasema. "Mgonjwa naye alikuwa anaongea kwa shida. Sikusikia vizuri, mukwai," akamalizia kwa heshima.

"Dada," Bana Lukonde akamwita. Ni hilo tu.

"Sikusikia vizuri," akarudia, macho kwenye zulia.

Mchungaji akaombea umoja wa familia, funika kombe mwanaharamu apite, na munkoyo baridi ikapitishwa kwa vikombe. Kapambwe akamjazia mwenyewe kikombe Bana Chola. Naye akanywa, ikampitia kooni vizuri tu.

Usiku alipokwenda kuoga, maji yalimteleza kama juu ya jani la yugwa. Akamwaga kopo jingine. Sabuni ikabaki kipande kikavu mkononi, haitoi povu. Bana Chola akakaa kidogo juu ya kigoda, kisha akajipaka mafuta, akavaa, akaenda kulala. Jumatatu Chola alirudi nyumbani na kofia ngumu ya mgodi, na mama mtu akapika kuku.

Mwezi ulipokaribia kuisha, Bana Lukonde alitimiza mwaka wa ujane. Zamani mjane alitakaswa kwa mila, kwa kulala na ndugu wa marehemu. Kanisa liliipiga marufuku mila ile, likasema mjane atavuliwa msiba birikani, na kwa hilo walijisifu sana. Basi akashuka majini na nguo zake nyeusi, asubuhi ya Juni, baridi kali. Mchungaji akamlaza haraka haraka, kama mtu anayejua mwisho wa jambo.

Akatoka amelowa chapachapa. Maji yalimtiririka kichwani, puani, viwikoni. Nguo zikamganda mwilini, meno yakawa yanagongana. Akasimama ukingoni anasubiri taulo, na hakuna aliyekuja na taulo, maana siku hizi ya nini?

"Bana Lukonde, zulia!" mhudumu akapiga kelele. "Zulia, mama, unaliharibu!"

"Huyu ana kitu moyoni," mama mmoja akanong'ona kwa sauti ya kusikika. "Mbona sisi hatulowi?"

"Kinyongo hicho," akadakia mwingine. "Hajamsamehe shemeji yake."

Mchungaji akakubali kwa kichwa. Akamshauri afunge, aombe, arudi maji yatakapomkubali. Kapambwe, kitini kwake, akavuta miguu nyuma ili viatu visirukiwe na maji.

Bana Chola akafungua mkoba. Taulo lilikuwa bado mle, limekunjwa vilevile tangu Jumapili ile. Akalitoa, akainuka, akapita mbele ya watu wote. Bana Lukonde alipomwona anakuja, akanyoosha mikono yote miwili.

Bana Chola akapiga magoti, akaanza kufuta zulia.

Alifuta kwa bidii, akifuata matone mpaka karibu na nyayo za mwenzake, na nyayo zikasogea kumpisha. Hakuinua uso. Bana Lukonde akaikusanya nguo yake, akatoka akitiririka mpaka nje, kwenda kufunga vyombo, maana siku za chumba zilikuwa zimekwisha.

"Asante, mama," Kapambwe akasema kutoka kitini. "Una moyo wa kutumika."

"Ee mukwai," akajibu Bana Chola. Akalikamua taulo juu ya birika. Maji mengi yakampita kati ya vidole, na mikono yake ikabaki mikavu.