Nati ya Bomba la Uani

Tangu Bi Mize afiwe na mumewe, bomba la uani kwake Bagamoyo lilikuwa haliishi kuvuja. Fundi akikaza nati, linapona. Shemejiye Kombo akija kumjulia hali na kutawadha pale, linavuja tena. Ukuta wa mawe na chokaa ulishaanza kumomonyoka.

"Nyumba hii itakuangukia, shemeji," Kombo alimwambia. "Rudi kwenu Miono, mimi nitaiangalia."

Huruma ile ilimtia Bi Mize shaka. Ijumaa iliyofuata aliipaka nati masizi ya sufuria yaliyochanganywa na mafuta, kisha akamkaribisha Kombo kama kawaida. Kombo alikwenda uani, akarudi, akanyoosha mkono kupokea kahawa. Vidole vilikuwa vyeusi.

"Shemeji, watu hutawadha kwa maji," Bi Mize alisema, "hawatawadhi kwa nati."

Kombo alivitazama vidole vyake, akakiweka kikombe chini, akaaga bila kunywa.

Bi Mize alifunga koki, akaikaza nati mwenyewe kwa spana ya marehemu. Tangu siku hiyo wageni wote, hata jamaa, aliwapokea barazani, na maji ya kutawadha akawaletea kwa birika.