Lalamiko la Kumi na Mbili

Katika mwaka wake wa kwanza wa kumiliki fleti, Wichuda aliandika malalamiko thelathini na moja, kila moja likiwa na tarehe, kipimo na picha. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na mmoja, na kazi yake ilikuwa kuhakiki mizani za masoko ya Bangkok, kwa hiyo hakuona ajabu. Mtu ambaye kutwa nzima huwaambia wauza samaki kwamba kilo yao ina gramu mia tisa na sabini hawezi kurudi nyumbani akavumilia kigae kilichopinda milimita nne.

Fleti yenyewe ilikuwa ya pembeni, ghorofa ya tisa: mita za mraba thelathini na nne, sebule na chumba kimoja cha kulala. Angeweza kununua ndogo zaidi. Alichukua hiyo kwa ajili ya mama yake, Bi Prakhong, mjane aliyeishi peke yake huko Phatthalung, kusini, mwendo mrefu wa treni. Sababu hiyo hakumwambia mtu. Alisema chumba chenye mlango wake hupunguza matumizi ya kiyoyozi.

Mwaka ulikaribia kuisha, na mama alikuwa amekuja mara tatu bila kulala hata mara moja. Alikuwa akinywa maji, akiisifu lifti, kisha jua likianza kushuka anachukua mfuko wake na kwenda kulala kwa mdogo wake, Thonburi, ng’ambo ya mto.

“Nyumba haijasomewa,” alisema. “Watawa hawajaingia humu kuibariki. Nilale kama mwizi?”

“Mama, hati ya nyumba haisemi popote kwamba watawa ni lazima.”

“Hati hailali, Jiap. Mimi ndiye ninayelala.” Jiap lilikuwa jina lake la nyumbani, na mama alilitumia hasa akitaka kumkumbusha nani alimzaa nani.

Haikuwa kwamba Wichuda alidharau mila zote. Fundi alipokuja kukijenga kitanda ndani ya chumba, kikafungwa ukutani kwa skrubu, mama alipiga simu kuuliza jambo moja tu: kichwa kinaelekea wapi? Wichuda binafsi hakuona kwamba usingizi una haja na pande za dunia, lakini aliulizwa swali lenye jibu, akalijibu. Alisimama katikati ya chumba, akafungua dira ya simu yake, akasoma.

“Kaskazini, mama. Nimepima.”

Ramani ya mjenzi ilisema vingine, kwa hiyo aliandika lalamiko la pili: mshale wa kaskazini kwenye ramani umekosewa kwa nyuzi tisini. Miezi mitatu baadaye aliandika la kumi na mbili: ukuta wa kichwani mwa kitanda hupata joto kuanzia saa tisa alasiri, ikaguliwe kama kuna bomba la maji moto ndani yake. Bwana Phongphan, msimamizi wa jengo, alijibu kwa adabu kwamba ataangalia. Aliangalia. Hakukuwa na bomba.

Wenye fleti walipofanya mkutano wao mkuu, walimchagua Wichuda kuwa katibu wa kamati kwa kura nyingi. Aliamini ni kwa sababu ya umakini wake. Ukweli, alioutambua miezi miwili baadaye akiwa ndani ya lifti, ni kwamba anayelalamika sana hupewa kazi ili achoke. Hakuchoka. Aliyageuza malalamiko yake kuwa kanuni: viatu visiwekwe ukumbini nje ya milango, wageni wasizidi sita kwa fleti moja, pasitobolewe ukuta wowote Jumamosi wala Jumapili. Ukumbi wa ghorofa ya tisa ukawa mtupu na safi kama wa hospitali. Aliupiga picha.

Basi siku aliposhuka ofisini kumweleza Bwana Phongphan kwamba Jumamosi ijayo, siku fleti inapotimiza mwaka, anataka kuleta watawa, msimamizi huyo aliweka kalamu chini polepole.

“Watu wangapi, Bi Wichuda?”

“Watawa watano. Mama alitaka tisa, lakini ukuta wa sebule una mita nne na sentimita kumi. Watawa tisa wangekaliana mapajani. Na wageni kama ishirini.”

“Kanuni inasema sita.”

“Najua inasema nini.”

“Ndiyo. Mwandiko ni wako.” Hakucheka, jambo ambalo Wichuda aliliona kuwa baya zaidi. “Kuna kifungu cha nne. Jirani wa ukuta akitia sahihi, inaruhusiwa.”

Kifungu cha nne alikuwa amekiweka yeye mwenyewe, kwa uhakika kwamba hakuna jirani atakayetia sahihi.

Jirani wa ukuta alikuwa Dada Lamduan, mwanamke wa Isan, kaskazini-mashariki mwa nchi, wa miaka hamsini na mitatu, msimamizi wa chumba cha kufulia katika hospitali moja. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi alitwanga papai bichi na pilipili kwenye kinu, apate chakula cha kubeba kazini. Lalamiko la kumi na tisa lilimhusu yeye: desibeli sitini na moja, zimepimwa kwa simu kupitia ukutani, siku kumi na nne mfululizo.

Wichuda alibisha hodi. Mlango ulipofunguliwa, kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa barua ya lalamiko lake, imebandikwa kwenye mlango wa friji kati ya picha za wajukuu.

“Karibu, mdogo wangu,” alisema Dada Lamduan. “Leo sijatwanga. Au nimepumua kwa nguvu?”

“Nimekuja kuomba sahihi, dada. Mama hataki kulala kwangu mpaka watawa waibariki nyumba.”

Dada Lamduan alivaa miwani akaisoma fomu yote, mpaka orodha ya wageni na wanakotoka, iliyoandikwa kwa maandishi madogo ya chini. “Watu ishirini! Na viatu vyao je? Watapanda navyo begani?”

“Nilifikiri mifuko. Kila mgeni na mfuko wake.”

“Wazee watoke Phatthalung na Thonburi, waje kwenye baraka za nyumba, wapewe mifuko ya viatu kama watoto wa chekechea!” Alicheka mpaka akashika mlango. “Mama yako anajua kwamba sheria hizi zimetoka kwa bintiye?”

“Hajui.”

“Basi sikiliza. Naweka sahihi. Lakini viatu vitakaa ukumbini. Mimi nitakuja na saladi yangu ya papai, yenye samaki wa kuchacha, na utaila mbele yangu. Na huyo mama yako, kwa nini umemngoja mwaka mzima?”

Wichuda alifungua mdomo aeleze habari za ratiba na upatikanaji wa watawa. “Nilikuwa nabishana naye,” alisema.

“Mwaka mzima?”

“Miezi kumi na moja na siku ishirini.”

Dada Lamduan alitia sahihi.

Jumamosi ilikwenda vizuri kuliko hesabu zilivyotabiri. Mama alifika na sufuria ya mchuzi wa kusini wa matumbo ya samaki, ambao harufu yake ilitoka kwenye lifti kabla yake. Ukilinganisha na mchuzi ule, samaki wa kuchacha wa Dada Lamduan alinukia kama waridi. Watawa watano walikaa wamejipanga ukutani, sentimita themanini na mbili kwa kila mmoja. Uzi mweupe ulitoka kwenye sanamu ya Buddha chumbani, ukazunguka fleti nzima, ukapita mikononi mwao walipokuwa wakisoma. Mkubwa wao alinyunyiza maji, akachora alama nyeupe juu ya mlango. Walikula kabla ya saa sita, wakaondoka. Ukumbini kulikuwa na jozi ishirini na saba za viatu. Wichuda alizihesabu, kisha akajishangaa kwamba hakuwa na haja ya kuzipiga picha.

Wageni walitawanyika alasiri. Mfuko wa mama bado ulikuwa kando ya mlango, haujafunguliwa, na Wichuda aliupita mara sita bila kuuliza. Dada Lamduan alibaki jikoni akisugua masufuria. Saa kumi jioni mama aliingia chumbani, akaketi kitandani, akaegemeza kiganja ukutani.

“Jiap. Ukuta huu una homa?”

“Ni lalamiko la kumi na mbili, mama. Hawajalishughulikia.”

“Unaanza kupata moto saa ngapi?”

“Saa tisa. Saa kumi na moja ndiyo kilele.” Alifurahi kuulizwa, alikuwa na jedwali.

“Na asubuhi?”

“Asubuhi ni baridi kabisa.”

Mama alitoa kiganja ukutani. “Umesoma miaka mingapi wewe?”

“Kumi na minane.”

“Miaka kumi na minane, na hujui jua linazama upande gani.”

Wichuda alitoa simu, akafungua dira, akamwonyesha. Kaskazini, bila shaka yoyote. Mama hakuitazama dira. Alitazama jalada la simu, lile la ngozi linalojifunga lenyewe kwa mlio mdogo.

“Hicho kinachoshika hapo ni nini?”

Kilikuwa sumaku. Kwenye mlango wa chumba cha vipimo kazini kwake kulikuwa na tangazo kubwa jekundu: vitu vyenye sumaku visiingie humu. Wichuda ndiye aliyeliandika. Alivua jalada. Sindano ya dira ikayumba, ikafikiri, ikageuka robo nzima ya duara na kutulia. Kichwa cha kitanda kilielekea magharibi.

Ghafla mambo mengi ya mwaka ule yakapata maelezo. Kwa mfano dirisha, ambalo kwa imani yake lilitazama magharibi lakini halikuwahi kuingiza jua la jioni hata siku moja. Alikuwa amelilaumu jengo la jirani kwa kuziba jua.

“Mwaka mzima,” alisema mama, “mwanangu analala kama maiti. Kichwa magharibi hulazwa wafu, Jiap. Watu hao hata kuoshwa wameshaoshwa.” Akainuka, akauelekea mfuko wake.

“Mama, subiri. Tutageuza mto. Ulale kichwa huku, miguu ukutani.”

“Na juu ya ukuta huo kuna nini?”

Juu yake kulikuwa na rafu, na juu ya rafu sanamu ya Buddha, zawadi ya mama mwenyewe.

“Nimnyooshee Buddha nyayo zangu? Yeye yuko sawa, uso wake unatazama mashariki. Aliyekosea humu ni mmoja tu.”

“Basi tumweke juu ya friji kwa leo.”

“Juu ya friji! Ni birika?”

Kitanda kilikuwa kimefungwa ukutani kwa skrubu kumi na sita. Fundi alikuwa ameweka kumi, Wichuda akataka ziongezwe. Rafu ilikuwa na nne. Ingeweza kuhamia sebuleni, kwenye ukuta ambao sanamu ingeendelea kutazama mashariki. Drili ilikuwa kabatini. Ila ilikuwa Jumamosi. Wichuda alisimama na drili mkononi kwa muda usiopungua dakika mbili, akiwazia kanuni ambayo mwezi uliopita tu aliisoma kwa sauti mbele ya watu sitini.

Dada Lamduan alitoka jikoni akijifuta mikono. Ni wazi alikuwa amesikia kila neno.

“Toboa,” alisema.

“Ghorofa ya nane watalalamika.”

“Watalalamika kuhusu nini? Mimi naenda kutwanga. Kelele za kinu changu zina lalamiko lake tayari, lina namba na tarehe. Hawezi mtu kulalamika mara mbili kitu kimoja.” Akatoka, akivaa ndara zake ukumbini bila haraka.

Baada ya muda mfupi ukuta wa upande wake ukaanza kudunda. Haukuwa mdundo wa papai la mtu mmoja. Ulikuwa wa harusi. Wichuda alitoboa shimo la kwanza. Akiwa kwenye la tatu simu ililia.

“Bi Wichuda,” alisema Bwana Phongphan, “samahani. Wanasema kuna kelele ghorofa ya tisa.”

“Jirani yangu anatwanga,” alisema Wichuda. “Ninamsikia waziwazi.” Kila neno lilikuwa kweli.

“Kinu tu?”

“Kinu ni kikubwa.”

“Saladi ikiwa tayari,” alisema msimamizi, “mniwekee.”

Rafu ilipopanda, pimamaji ilionyesha kwamba imeinama milimita sita upande wa kushoto. Wichuda alimwambia mama, kwa sababu asingeweza kutomwambia. Mama alipanda kwenye kiti, akaweka sanamu, akainama mara tatu, akashuka. Kisha akauvuta mfuko wake kutoka mlangoni, akaufungua juu ya kitanda, akatoa kitenge chake cha kulalia na mswaki.

Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi kamili, kinu kilianza. Mama alikuwa tayari yuko macho, sebuleni, akisikiliza kwa umakini wa mtu anayejua kazi hiyo.

“Huyu anatwanga kwa haraka mno,” alisema. “Pilipili haisagiki. Nitamwambia.” Akavaa viatu vyake, vilivyokuwa vimelala ukumbini, akaenda.

Wichuda alikaa mezani akamwandikia Bwana Phongphan barua. Ilikuwa ya thelathini na mbili.

“Lalamiko la pili linaondolewa. Ramani iko sahihi. Lalamiko la kumi na mbili linaondolewa. Ukuta hauna kasoro, ni jua. Chanzo cha makosa yote mawili ni simu ya mlalamikaji. Lalamiko la kumi na tisa, kuhusu kinu, linasimamishwa mpaka kipimo kirudiwe, kwa kuwa kilichukuliwa kwa simu hiyohiyo. Mlalamikaji anakiri pia kwamba jana saa kumi na nusu jioni alitoboa mashimo manne, na anaomba aitwe mbele ya kamati. Katibu atahudhuria.”

Aliisoma tena, akasahihisha saa: ilikuwa kumi na dakika thelathini na nne. Kutoka ng’ambo ya ukuta alimsikia mama akimfundisha Dada Lamduan kutwanga, na mdundo ukipungua kasi na kuzidi nguvu. Hakupima, lakini kwa uzoefu wake zilikuwa desibeli sabini.