Mto Juu

Mji wa Kokini ulikuwa unakufa kwa kuhara, na Kitinda, fundi cherehani ambaye hajawahi kuua hata kuku, alikuwa ameketi mbele yake hajui la kufanya. Asubuhi mji ulikuwa na watu elfu tisa. Sasa ilikuwa saa saba mchana, namba ya pembeni ya skrini ilisoma elfu nne na mia mbili, na ilizidi kushuka huku akiitazama. Magari ya wagonjwa yalisongamana hadi darajani. Kila paa lilikuwa na alama nyekundu ya tone la maji, na kila alama ilikuwa inapepesa kama vile inamsuta yeye.

Ni mchezo tu wa kompyuta, utasema. Kaka yake mkubwa alisema hivyo hivyo, tena kwa sauti ya mwalimu wa hesabu anayesahihisha daftari chafu. Sawa, ni mchezo. Lakini mji ule aliujenga baba yao kwa miaka minne, na baba mwenyewe alikuwa amelala hatua mbili nyuma ya kiti cha Kitinda, upande wa kulia wa mwili umekufa ganzi, na saa tisa kaka angefika na gari kumchukua.

Baba yao watu walimwita Mzee Koki, kwa sababu alikuwa amefanya kazi idara ya maji miaka thelathini na mmoja, na katika miaka hiyo hakuna koki ya mtaa ambayo hakuifungua au kuifunga. Alistaafu na kinyongo kimoja tu. Kila mara idara ya barabara ilimwaga lami kwanza, halafu ndipo yeye alipoitwa aichimbue lami hiyo mpya apitishe mabomba. Kwa hiyo alipojifunza mchezo ule alijenga mji ambao mabomba yalitangulia na lami ikafuata, akauita Kokini, akawa anauangalia kila alasiri kama mtu anavyoangalia mwanawe wa pekee akila. Tena aliuwekea sharti gumu la mchezo, kwamba hakuna kurudi nyuma. Ukikosea umekosea. Watu wakipungua chini ya elfu moja, mji unafungwa na hauonekani tena. Kitinda alipomuuliza kwa nini ajitese hivyo uzeeni, alimjibu, "Mwanangu, mimi bomba likinipasukia kazini nilikuwa narudisha jana?"

Halafu ukaja ule ugonjwa wa kupooza, wiki tatu zilizopita, ukamwachia maneno mawili tu. La kwanza lilikuwa mto. La pili lilikuwa juu.

"Mto," alisema siku ya kwanza alipotoka hospitali. "Mto juu." Kitinda akakimbia kuleta mto, akamwinua kichwa, akamwekea. Baba akapiga godoro kwa mkono wa kushoto, ule uliobaki na nguvu. "Mto juu!" Akaongeza mto wa pili. Kufikia wiki ya tatu mito ilikuwa mitano, miwili kati yake ameishona mwenyewe na kuijazia vipande vya vitambaa, na baba alikuwa amekaa wima kama bwana harusi anayesubiri kupigwa picha, bado anapiga godoro, bado anasema mto.

Nesi wa kutembelea wagonjwa majumbani alikuja na fomu yake. Alinyanyua kalamu. "Mzee, hii ni nini?"

"Mto," alisema Mzee Koki.

Akanyanyua glasi. "Na hii?"

"Mto. Mto juu." Na huku anasema juu, kidole chake cha kushoto kilikuwa kinaonyesha chini, kwenye miguu ya kitanda.

"Dada yangu," nesi alisema kwa upole, "anasema juu anaonyesha chini. Unaona mwenyewe." Palipoandikwa kwamba mgonjwa anaelewa anachoambiwa, akaweka alama kwenye hapana. Wenye ndiyo walipelekwa mazoezi ya kuongea. Wenye hapana walipelekwa kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa, huko kwenye vitanda vyenye vyuma vya kuzuia ubavuni na redio isiyozimwa, na hakuna aliyewahi kumwona mtu akitoka huko kwa miguu yake. Kaka alisaini. Kitinda alikataa kusaini, akalia mpaka kamasi zikamtoka mbele ya nesi, lakini sahihi moja ilitosha.

Alichobaki nacho ni kitu kimoja tu, na hakuwa na hakika nacho. Baba aliutazama mji. Ukimwonyesha picha za harusi yake mwenyewe macho yake yalizipita tu, lakini ukiwasha kompyuta, iliyokaa juu ya meza ya cherehani karibu na miguu ya kitanda, macho yalikuwa yanakazana. Ukisimamisha saa ya mchezo ili mji upumzike, aligeuza uso ukutani akakataa hata maji. Ndiyo maana Kitinda aliuacha uendelee, akawa anaucheza yeye, mtu asiyejua kitu. Siku ile ile ya kwanza ulitokea ujumbe kwamba maji hayatoshi. Akajenga pampu nyingine, kubwa, ukingo wa juu wa skrini, mbali na bomba la majitaka lililokuwa katikati. Juu ni juu, alijiambia, maji yanashuka, uchafu hauwezi kupanda. Alijisifu hata. Na pampu ya zamani ya baba, kule chini kabisa ya skrini, akaibomoa kwa sababu ilikuwa imechakaa na inapiga kelele.

Kuanzia hapo watu wa Kokini walianza kuugua. Alijenga zahanati, wakaugua. Akajenga hospitali, nayo hospitali ikapata alama nyekundu ya tone juu ya paa lake, kwa sababu ilikuwa inanywa maji yale yale. Akapanua makaburi. Fikiria mtu anayemwuguza baba yake mchana kutwa, halafu anakaa kupanua makaburi.

Saa saba na nusu. Elfu tatu na mia moja.

"Baba, nifanyeje?" alimgeukia. "Niambie basi. Nipe hata neno moja jingine. Anakuja kukuchukua, unasikia? Saa tisa!"

"Mto," alisema Mzee Koki, machozi yanamtoka jicho moja tu, lile zima. "Mto juu."

"Mito imeisha, baba!" Kitinda alipiga kelele, sauti ambayo hakuwahi kumpigia baba yake maisha yake yote, na kwa hasira akachomoa mto wa juu kabisa akautupa sakafuni. Akachomoa wa pili. Alitegemea baba angeanguka nyuma. Baba hakushughulika na mito. Kidole kilikuwa kimenyooka vile vile, kinaelekea miguuni, kinaelekea mezani, kinaelekea kwenye skrini.

Kitinda alifuata kidole. Skrini ilikuwa na nini? Nyumba, barabara, makaburi. Na katikati, bluu, unapinda kama utepe wa kupimia nguo, mto.

Akakaa sakafuni juu ya mito yenyewe. Wiki tatu. Wiki tatu mtu anakuambia mto, wewe unamletea wa kulalia.

Lakini juu? Pampu tayari ilikuwa juu. Akarudi kwenye kiti, akaisogeza juu zaidi, mpaka mwisho wa skrini. Baba alitoa mlio ambao si neno. Elfu mbili na mia nne. Kidole kilionyesha chini. "Juu," alisema, na kidole chini. Kitinda akashika kichwa kwa mikono miwili. Nesi alikuwa na haki, basi. Akili imeruka. Nimejidanganya mwenyewe kwa sababu sitaki kumwachilia. Saa nane na robo. Elfu moja na mia tisa, na basi la mwisho la Kokini lilikuwa linapita darajani limejaa watu wanaohama.

Alilitazama basi lile kwa sababu hakuwa na kingine cha kutazama. Chini ya daraja mto ulikuwa na doa la kahawia, lililotoka kwenye bomba la majitaka. Doa lilikuwa linatembea. Lilikuwa linapanda skrini, taratibu, kuelekea kwenye pampu yake.

Maisha yake yote Kitinda ameshona vitambaa vya maua, na mara moja tu, siku za uanagenzi, alikata gauni zima maua yakiwa kichwa chini. Sasa alilisikia tena joto lile la aibu usoni. Ramani ilikuwa imemkalia kichwa chini. Mto wa Kokini ulianzia chini ya skrini ukaenda juu ya skrini, na kwa mtu wa maji, juu ni kule maji yanakotoka, hata kama kuko chini ya miguu yako. Ndiyo maana pampu ya baba ilikuwa pale chini. Kuko huko ndiko alikokuwa anaonyesha, juu kwa mdomo na chini kwa kidole, na vyote viwili sahihi.

Akaibomoa pampu yake. Kwa haraka akabofya barabara badala ya bomba, akafuta, akarudia. Akaijenga mpya pale pale alipokuwa amebomoa ya zamani. Elfu moja na mia tatu. Elfu moja na mia moja na tisini. Alama nyekundu ya hospitali ikazimika. Ya shule ikazimika. Namba ikasimama kwenye elfu moja na themanini, ikatulia, halafu ikapanda kwa mtu mmoja. Nyuma yake Mzee Koki alishusha pumzi ndefu, akaacha kupiga godoro.

Mlango ukagongwa. Kaka alikuja mapema.

Aliingia na begi la baba tayari mkononi, akasikiliza hadithi yote amesimama. Kitinda alikuwa anaongea na kulia kwa pamoja, mto huu, mto ule, maua kichwa chini. Kaka alisikiliza mpaka mwisho, maana hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kutaka uthibitisho.

"Mdogo wangu," alisema, "unaona unachotaka kukiona. Na mimi nataka kukiona, usidhani sitaki. Ondoka kwenye kiti."

"Unataka kufanya nini?"

"Kumuuliza."

Akakaa. Akashika pampu, akaisogeza nyumba tatu zaidi kule maji yanakotoka. Baba kimya. Akairudisha. Baba kimya. Halafu, bila kugeuka, akaipeleka ng'ambo ya pili ya bomba la majitaka, pale pale Kitinda alipokuwa ameiweka kwa ujinga wake.

"Kaka, usifanye hivyo! Hakuna kurudi nyuma!"

"Mto!" alisema Mzee Koki. "Mto juu!"

Kaka aliinuka, akaokota mto mmoja sakafuni, akaupachika taratibu nyuma ya kichwa cha baba. Mzee Koki alimtazama mwanawe wa kwanza, yule aliyesomeshwa mpaka chuo, kwa jicho ambalo mafundi vibarua wa idara ya maji walilijua vizuri. Akauvuta mto kwa mkono wa kushoto, akamtupia usoni.

"Mto," alisema, na kidole kikaenda kwenye skrini. "Juu."

Kaka alibaki amesimama na mto kifuani. Kitinda alirukia kiti, akaibomoa pampu, lakini watu themanini si wengi, na walikuwa wameshakunywa. Namba ilishuka chini ya elfu moja kabla hajamaliza kuchora bomba. Taa za Kokini zikazimika mtaa kwa mtaa, mpaka shule, mpaka daraja, na maandishi yakatokea katikati ya skrini kwamba mji umehamwa.

Miaka minne. Kitinda aliegemeza paji la uso kwenye cherehani na kulia kwa sauti.

Kaka hakusema samahani. Alitoa simu, akaipigia ile nyumba ya wagonjwa, akasema baba yake haendi, na kesho asubuhi wamtumie nesi na fomu nyingine. "Anaelewa," alimwambia aliyepokea. "Nimesema anaelewa, dada. Kuliko mimi." Akakata simu, akakaa ukingoni mwa kitanda akiwa bado amekumbatia mto ule.

Kitinda alifuta uso, akabofya penye maandishi ya mji mpya. Ilitokea ramani tupu, nyasi tu, hakuna hata nyumba moja.

"Haya, baba," alisema. "Tuanzie wapi?"

"Mto," alisema Mzee Koki.

Kitinda aliitazama ramani, halafu akautazama mto kifuani mwa kaka. Kaka alimwinamia baba, na akamuuliza kitu ambacho kwa wiki tatu hakuna aliyemuuliza.

"Mto upi, baba?"